Mchomozo: Kutafuta Jina la Kipande Kilichovuka Gari

Mwezi Juni, Songea huamka na baridi. Asubuhi moja ya namna hiyo nilisimama Msamala, kando ya barabara iendayo Njombe, nikiangalia Fuso ikipakiwa mirunda, ile miti mirefu ambayo mafundi huifanyia majukwaa ya kujengea ghorofa. Utingo alikuwa juu ya mzigo, goti moja limekandamiza miti, mikono inavuta kamba ya katani. Dereva, mtu mzima, alikuwa chini, nyuma ya gari, amekunja uso akipima kwa macho. Mwenye mzigo alisimama pembeni yake na simu mkononi.

"Huo mkia umefika mbali," dereva alisema.

"Imetoka kidogo tu, mzee," utingo akajibu kutoka juu.

"Haijazidi sana," mwenye mzigo akaongezea. "Twendeni hivyo hivyo."

Watu watatu, kitu kimoja, maneno matatu: mkia, kutoka, kuzidi. Nilimwamkia dereva, nikamuuliza kile kipande cha miti kilichopita mwisho wa bodi na kubaki hewani kinaitwaje katika kazi yao. Alikitazama tena, akafikiri.

"Kinaitwa mzigo, mwalimu," akasema. Kisha akamwagiza utingo ashuke akatafute kitambaa chekundu.

Jibu lile lilinifuata hadi nyumbani. Kipande kile ndicho kilichomtia wasiwasi hata akakunja uso, lakini kinywani mwake hakikuwa na jina lake lenyewe. Kilikuwa mzigo tu, sawa na mti uliolala salama katikati ya bodi. Tangu siku hiyo nimeuliza tena: kwa wauza mbao wa Majengo, kwa vijana wa guta karibu na Soko Kuu, kwa fundi wa kuchomelea wa Mfaranyaki. Nimepewa maelezo mengi na mazuri. Jina sikupewa.

Makala haya yanaomba jina hilo. Siombi kwa kuwa lugha yetu ni maskini. Lori zima, kutoka kichwa hadi tela, limekwisha kupewa majina ya Kiswahili au yaliyoswahilishwa zamani: bodi, keria, turubai, ekseli, usukani, breki. Hata kijana anayepanda juu ya mzigo ana majina mawili, utingo na taniboi. Naomba kwa sababu kitu kisicho na jina ni vigumu kukiulizia, na kisichoulizwa hakipimwi. Kipande hiki kikiachwa bila kupimwa, anayekuja kukipima ni mwendesha pikipiki, usiku, kwa kifua chake.

Tutazame kwanza Kiswahili kimezoea kuuliza nini juu ya mzigo. Kimezoea kuuliza uzito. "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi" ni usemi unaotukumbusha misafara ya karne ya 19, wapagazi walipobeba pembe na nguo mabegani kati ya Tabora na Bagamoyo. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi" nayo inapima: usufi ni mwepesi, na ndiyo maana mzigo usiokuwa wako huuona mwepesi. Leo mizani ya Makambako inauliza swali lile lile. Sheria ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake. Namba hiyo dereva wa masafa anaijua kama anavyojua tarehe ya kuzaliwa mwanawe. Ukimwambia "umezidisha", hakuulizi umezidisha nini. Anajua ni tani.

Baada ya uzito, Kiswahili huuliza unene. Watu wa pwani, waliokata mikoko katika delta ya Rufiji na huko Lamu na kuipakia majahazini hadi Ghuba, waliipa miti hiyo majina kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Ni istilahi kamili. Fito haiwi boriti hata ukiipenda vipi, na fundi aliyeagiza mapau akiletewa fito ataikataa bila maneno mengi. Huku Songea, kwa muuza mbao, utasikia "mbili kwa nne", "mbili kwa sita", "moja kwa nane". Hizo ni inchi za unene na upana. Urefu hautajwi mara nyingi, maana kila mtu anajua mbao ni ya futi 12. Umezoeleka mno hata ukanyamaza.

Basi tazama tulipofika. Uzito una mizani yake na methali zake. Unene una majina sita ya pwani na vipimo vitatu vya dukani. Urefu, ambao barabarani ndio unaotoboa kioo cha gari la nyuma, umeachiwa macho ya dereva na huruma ya mwenye mzigo.

Huku kwetu mizigo mirefu haipungui. Kuna neno moja linalonifurahisha kila ninapopanda milima ya Lukumburu kuelekea Njombe, nalo ni mlingoti. Kwa mtu wa pwani, mlingoti ni ule mti unaosimama katikati ya jahazi, unaobeba foromali na tanga. Kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mufindi hadi Njombe na kushuka Madaba, mlingoti ni mti ulio hai shambani, mkaratusi. Neno limeacha bahari, likapanda mlima, likaota mizizi. Sababu inaonekana kwa macho: mkaratusi hukua wima na mnyoofu, mwembamba kwa urefu wake, kama mti wa chombo. Mlingoti huo huo hukatwa, humenywa gome, hutiwa dawa, na hugeuka nguzo ya umeme. Songea iliunganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa njia ya msongo wa kilovoti 220 kutoka Makambako, na vijiji vikaendelea kufikiwa na nyaya. Tangu hapo tumezoea kuyaona malori ya nguzo yakipishana na malori ya makaa ya mawe ya Mbinga katika barabara ile nyembamba. Mlingoti wa chombo hubeba bendera kileleni ukiwa umesimama. Mlingoti uliolala juu ya lori nao unadaiwa bendera ile ile, kwenye ncha yake.

Neno la pili ni nondo. Katika Biblia ya Kiswahili nondo ni mdudu anayeharibu nguo. Katika mazungumzo ya siku hizi, mtu akisema mzungumzaji "ameshusha nondo", anamsifu kwa hoja nzito. Kwa fundi wa zege, nondo ni chuma cha mita 12. Duka la vifaa vya ujenzi hukikunja katikati ili kisafirike, kikawa mita 6, na hata hapo Kenta ya kawaida haina bodi ya mita 6. Ukikipakia kwenye guta, ncha huburuza lami na kutoa cheche. Ukikifunga ubavuni mwa pikipiki, mbele kunakuwa na mkuki na nyuma kuna mkuki.

Nilichojifunza kwa kuitazama nondo kwa karibu ni hiki. Simama ubavuni mwa Kenta iliyobeba nondo za milimita 12, utaona mistari myeusi imenyooka hewani, huwezi kuikosa. Sasa zunguka, simama nyuma ya gari, macho yako yalingane na mzigo. Mistari imetoweka. Kila nondo imekuwa nukta, na nukta hiyo haikwambii kama iko umbali wa mita tano au mita mbili. Anayefuata nyuma huona mwisho wa bodi, taa na namba ya gari, na hapo ndipo anapopimia breki zake. Chuma kimekwisha kumfikia kabla ya gari alilolipimia umbali.

Hapo ndipo jina linapohitajika. Nimeyapima maneno yaliyopo, moja baada ya jingine.

Mkia ni neno zuri la watu wenyewe, na sitaki life. Lakini mkia uko nyuma tu. Nondo iliyopita kichwa cha gari kwa mbele haiwezi kuitwa mkia, wala bati lililotoka ubavuni.

Kutoka ni kitenzi cha mambo yote. Watu hutoka nyumbani, damu hutoka, matokeo ya mtihani hutoka. Neno linaloweza kusema kila kitu haliwezi kushika kazi ya istilahi.

Kuzidi kumekwisha kuchukuliwa na mizani. Dereva akiandikiwa kwamba "mzigo umezidi", atakwenda kubishana juu ya tani. Ziada nayo imezoea mema, maana mfanyabiashara akisikia ziada husikia faida.

Kuning'inia kunavutia wafasiri, kwa sababu Kiingereza hutazama kipande hiki kama kitu kilichoning'inia. Lakini kwa Kiswahili kinachoning'inia huelekea chini: popo, kengele, kamba isiyofungwa. Mlingoti uliokaza kuelekea nyuma hauning'inii. Umenyooka, na ndiyo hatari yake.

Mbinuko umekwisha kuajiriwa na somo la fizikia. Mwanafunzi anajua lenzi mbinuko na lenzi mbonyeo, tusimchanganye.

Limebaki chomoza. Jua huchomoza, jino la mtoto huchomoza kwenye ufizi, msumari huchomoza upande wa pili wa ubao. Katika kila mfano kuna kitu kilichokuwa ndani ya mpaka wake na sasa ncha yake imeuvuka. Hicho ndicho kinachotokea kwa mzigo mrefu: bodi ndiyo mpaka, na ncha imeuvuka. Kinatokea mbele, nyuma na ubavuni, na kitenzi kinafaa kote.

Ukilivunja neno lenyewe utaona limebeba zaidi. Mzizi ni choma, kwa maana ile ya mwiba na mkuki. Kutoka hapo tunapata chomoa, kuondoa kilichochoma. Chomoka, kutoka kwa ghafla mahali kilipokuwa kimeshikwa. Na chomoza, kuonyesha ncha nje. Choma na watoto wake ndio historia nzima ya ajali ya mzigo mrefu. Mzigo umechomoza. Kamba ikilegea unachomoka. Na unapochomoka, unachoma. Sijui neno jingine linalobeba onyo lake tumboni namna hii.

Kulifanya jina hakuhitaji kuazima kitu. Kiswahili kina njia ya zamani, na kila msomaji anaijua ingawa huenda hakuwahi kufikiri kwamba anaijua: sukuma hutupa msukumo, tazama hutupa mtazamo, zunguka hutupa mzunguko, pasuka hutupa mpasuko. Kwa njia hiyo hiyo chomoza hutupa mchomozo. Mchomozo wa nyuma, ambao madereva wataendelea kuuita mkia. Mchomozo wa mbele. Mchomozo wa ubavuni. Na sasa swali linaweza kuulizwa kwa maneno machache, kama tunavyouliza tani: "Mchomozo mita ngapi?"

Chukua nguzo ya mita 10 juu ya bodi ya mita 7. Jibu ni mita 3, na mtoto wa darasa la tatu atalipata. Kabla ya kuwa na neno, swali hilo lilihitaji sentensi nzima, na mtu mwenye haraka haulizi sentensi nzima.

Ukishalipata jina, mengine yanaanza kusemeka. Kwanza, kuna kile ambacho mchomozo wa nyuma hufanya gari linapokata kona. Gari likipinda kulia, sehemu iliyo nyuma ya ekseli ya mwisho huanza kwa kwenda kushoto. Ndugu zangu, sisi tunaendesha upande wa kushoto. Maana yake, lori likipinda kulia kuingia mtaani, mchomozo wake unasogea pembezoni mwa barabara, kwa waenda kwa miguu na bodaboda. Likipinda kushoto, unasogea upande wa magari yanayokuja. Mchomozo unavyokuwa mrefu ndivyo upana huo unavyokua. Kitenzi kinachofaa hapa ni kufagia: mchomozo unafagia. Mama mwenye beseni la ndizi kichwani, aliyesimama pale ambapo gurudumu halitafika, anadhani yuko salama. Gurudumu kweli halimfikii, ila mchomozo unafika.

Pili, kuna kunyanyua. Uzito uliokaa nyuma ya ekseli ya mwisho hukandamiza nyuma na kupunguza uzito wa mbele, kama mtoto mzito kwenye bembea ya ubao. Magurudumu ya mbele yakipungukiwa na uzito, usukani huwa mwepesi na gari halitii vizuri. Mlimani hali huzidi, na njia ya Songea hadi Makambako ni ya milima. Ndiyo maana shina la mti, lililo nene, hulazwa mbele, na ncha nyembamba ikaachwa nyuma.

Tatu, kuna neno ambalo madereva wanalo tayari, nalo ni la kutunzwa: kucheza. Mzigo uliolegea "unacheza", kama usukani uliochakaa unavyocheza. Nilimsikia dereva wa Msamala akiuliza, "Haichezi?" Utingo akasukuma mirunda kwa mguu na kujibu, "Haichezi." Huo ni ukaguzi kamili kwa maneno mawili, na wanaujua wote. Hutakiwa kurudiwa baada ya kilomita chache za kwanza, kwa sababu miti hukaa, hujipanga upya, na kamba iliyokuwa imekaza huanza kulegea. Mchomozo wa mbele ndio unaoogopesha zaidi hapo, kwa kuwa breki ya ghafla huusukuma mzigo wote kuelekea kichwa cha gari, alipoketi dereva.

Sasa tuje kwenye kitambaa chekundu. Ili kukielewa, tukumbuke kwamba neno na istilahi vinatofautiana kwa jambo moja. Neno linaweza kuwa na maana nyingi na likaishi vizuri. Istilahi ndani ya fani yake hutakiwa kuwa na maana moja, ili anayesema na anayesikia wasipishane. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, limebeba kazi hiyo kwa miaka yote: kusanifu istilahi ili maana isimwagike njiani. Alama ya barabarani nayo ni istilahi. Kitambaa chekundu kwenye ncha ya mzigo kinatakiwa kusema jambo moja tu: gari haliishii pale unapodhani, linaishia hapa.

Mara nyingi huku kwetu ncha hufungwa tawi la majani mabichi. Nalielewa tawi. Linapatikana bure, na msafiri amezoea kuliona likilazwa barabarani kumwambia kwamba mbele kuna gari limeharibika. Lakini tawi juu ya mzigo wa miti linasema nini? Majani juu ya mti yanaonekana kuwa sehemu ya mti. Jioni yanageuka kivuli. Tena lina maana nyingine tayari. Tawi ni neno zuri, ila si istilahi. Na fulana kuukuu ya kijivu iliyochomekwa kwenye nondo haisemi chochote.

Mataifa mengine yameliandika jambo hili kwa vipimo. Mkataba wa Vienna wa Usafiri wa Barabarani wa mwaka 1968 unataka mzigo uliochomoza zaidi ya mita 1 mbele au nyuma ya gari la injini uwekewe alama daima, na usiku uwe na taa na kiakisi, nyeupe kwa mbele, nyekundu kwa nyuma. Ujerumani inataka kitambaa chekundu kisichopungua sentimita 30 kwa 30, kilichotanuliwa kwa kijiti cha kukatiza ili kisijikunje kwa upepo, na kisitundikwe juu ya mita 1.5 kutoka barabarani. Marekani inaanzia futi 4 kwa nyuma, na bendera yake iwe nyekundu au ya rangi ya machungwa inayong'aa, isiyopungua inchi 18 kila upande. Inchi 18 ni dhiraa moja ya wazee wetu, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Basi fundi asiye na futikamba mfukoni bado ana kipimo: kitambaa cha dhiraa moja, na mchomozo wa dhiraa mbili na ushee ndio mita moja inayodai alama. Kile kijiti cha Wajerumani nacho ni cha kuigwa leo hii. Kitambaa kilichojiviringisha kama kamba hakionekani, na kijiti cha kukitanua kinaokotwa popote Songea.

Tusidhani kwamba desturi ya kuonya ni ya kuletewa. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, mahamali waliosukuma mizigo walikuwa na mwito wao: "Simile! Simile!" Wengi hulihusisha neno hilo na Bismillahi, na maana yake kwa mwenye masikio ilikuwa moja: pisha, kuna mzigo. Mpagazi wa bara, aliyebeba mzegazega, fimbo begani na mzigo kila ncha, alijua urefu wake pande zote mbili na aligeuka taratibu penye watu. Hadi leo, sokoni, anayepita na mbao begani hutangulia na sauti: "Mzigo huo! Mzigo!" Sauti ya mtu ilitosha kwa mwendo wa mtu. Kwa mwendo wa lori sauti haifiki, ndiyo maana tukahitaji rangi. Bendera, neno tulilolipata kwa Wareno, ni simile ya macho.

Lipo jambo la sheria pia, nalo linagusa lugha moja kwa moja. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na iliandikwa kwa Kiingereza. Kwa karibu nusu karne, dereva aliyekosea alihukumiwa kwa maneno asiyoyasema nyumbani kwake. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Huo ni ushindi, na ushindi huo una kazi ndani yake. Kila kifungu kinachohusu mzigo lazima sasa kiseme kwa Kiswahili jambo ambalo utingo wa Msamala alilisema kwa kusitasita. Mfasiri akiandika "mzigo uliozidi", amewarudisha watu mizanini. Akiandika "mzigo unaoning'inia", dereva ataangalia kamba. Akiandika "mchomozo", na akaweka pembeni yake urefu kwa mita, trafiki na dereva watakuwa wanatazama ncha moja.

Istilahi ya pili inayohitajika hapo ni mzigo usiogawanyika. Kanuni inayotawala karibu dunia nzima ni kwamba mzigo unaoweza kugawanywa ugawanywe. Nondo hukunjika, mbao hupunguzwa idadi, mirunda hutafutiwa gari refu zaidi. Usiogawanyika, kama transfoma au boriti ya chuma ya daraja, huombewa kibali maalumu cha mamlaka ya barabara na kusafirishwa kwa utaratibu wake, kwa njia na saa zilizopangwa. Kusema "haigawanyiki" kwa mzigo wa mirunda ni kulitumia neno vibaya ili kuokoa nauli.

Nirudi Msamala. Utingo alirudi na kipande cha khanga nyekundu alichopewa na mama muuza chai. Dereva hakukifunga mara moja. Alirudi nyuma ya gari, akaweka kisigino chini ya mwisho wa bodi, akapiga hatua hadi chini ya ncha ya mrunda mrefu kuliko yote. Hatua tatu. Akatikisa kichwa, akamwambia mwenye mzigo, "Mdogo wangu, hii haiendi. Tufungue, tuisogeze mbele, na ile mirefu minne tuiache, itakuja na gari la tela." Mwenye mzigo alilalamika, lakini walifungua. Kazi ile iliwachukua karibu saa nzima. Walipomaliza, ncha ilikuwa hatua moja kutoka bodi, na khanga ilifungwa kona mbili kwenye kijiti ili itanuke.

Mzee yule hakuwa na neno, lakini alikuwa na hatua zake na dhamiri yake. Wengi hawana vyote viwili, nao tunaweza kuwapa angalau neno, liwafungulie swali. Naliomba Baraza la Kiswahili la Taifa lilipime neno mchomozo na, likiridhika, lilisanifu. Naomba vyuo vya udereva vilifundishe pamoja na tani. Na wewe unayejenga, unayeuza mbao au unayeendesha Kenta, hutakiwi kusubiri kamusi. Kabla gari halijawashwa uliza maswali mawili kwa sauti, na usiondoke hadi yote mawili yajibiwe kwa namba: tani ngapi, na mchomozo mita ngapi.